Kamera Kihambani: Kupiga Picha za Viumbe wa Old Moshi

Watu wengi wa Moshi wanaotamani kupiga picha za wanyamapori huwa wanaisubiri Serengeti. Wanasubiri gari, wanasubiri fedha za kiingilio, wanasubiri lenzi ya mamilioni, na miaka inakwenda. Nawasihi wasisubiri. Ukitoka Kiboriloni alfajiri ukashika barabara ya kupanda Kidia, jua linapochomoza umeshaliacha joto la mjini na uko katikati ya vihamba, yale mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba, na kihamba kimoja kina viumbe wa kutosha kukufundisha kazi hii mwaka mzima.

Kihamba kina ghorofa. Chini kabisa kuna magimbi, mboga na majani ya ng'ombe. Juu yake ni mibuni, juu ya mibuni ni migomba, na juu ya migomba inasimama mringaringa, mfuruanje, msesewe na migrevilea. Kila ghorofa ina wakazi wake: vyura na kinyonga huku chini, chozi kwenye maua ya migomba, hondohondo, kima na mbega kule juu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia kupitia vihamba vya Shimbwe Juu, kwa jirani zetu wa Uru. Wewe mpiga picha nawe utambue hivyo hivyo. Ndege unaowaona hapa hawajapotea njia. Hapa ni kwao, na mazingira yao yametunzwa na mikono ya watu kwa vizazi.

Anza na mti

Anayeanza hutembea sana. Akisikia sauti kulia anakimbilia kulia, tawi likitikisika kushoto anageukia kushoto, na jioni anarudi na picha za mikia. Chagua mti mmoja wenye chakula, kaa karibu nao, utulie. Mkuyu uliojaa matunda huleta ndege wa kila namna. Mriri unapochanua maua yake mekundu, chozi wanashinda hapo kutwa. Msesewe, ambao wenyeji wanaujua zaidi kwa magome yake yanayotiwa kwenye pombe ya mbege, nao matunda yake yakiiva unapata wageni. Mibuni huchanua baada ya mvua za kwanza kufuata kiangazi, maua meupe yenye harufu tamu, na maua hayo hudumu siku chache tu. Anayetaka picha ya nyuki juu ya ua la mbuni inabidi awe na mtu kijijini wa kumpigia simu siku yakifunguka.

Ndiyo maana msaada mkubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua ni watu wa mahali hapo. Mama anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi anajua mbega wamelala upande gani wa korongo. Vijana wanaosafisha mifongo, ile mifereji ya maji, wanajua vyura wanalia wapi. Waulize, na uwasikilize mpaka mwisho.

Nikiambiwa nichague ndege mmoja wa kumfundishia mwanafunzi, nitamchagua hondohondo. Ni mkubwa, mweusi mwenye nyeupe, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Mabawa yake yanavuma, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona na unapata nafasi ya kujiandaa. Wakati wa kuzaa, jike huingia kwenye tundu la mti na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hukaa miezi kadhaa, na dume ndiye anayemletea matunda, akiyatoa kooni moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Ukiipata picha hiyo, tunda likiwa kwenye ncha ya mdomo na ncha ya mdomo wa jike ikionekana ndani, umepata kitu ambacho mtalii aliyepita Moshi kwa siku mbili hatakipata.

Lakini hapo hapo ndipo pa kujizuia. Kaa mbali, mita 30 au zaidi, nyuma ya migomba, na uwe umefika kabla dume hajaja. Akitua kwenye mti wa jirani na tunda mdomoni, akakutazama asiende tunduni, sababu ni wewe. Funga kamera uondoke, hata kama umepanda kutoka mjini kwa ajili yake tu. Jike aliyefungiwa ndani hana njia nyingine ya kula. Usikate tawi linaloziba tundu ili upate picha safi. Tawi hilo linamficha na tai, na linawaficha watoto na jua.

Mwanga wa upande wa kusini

Old Moshi iko kusini mwa Mlima Kilimanjaro, hivyo ukiwa Kidia, kilele cha Kibo kiko upande wako wa kaskazini. Asubuhi jua linakipiga kutoka kulia, mabonde na miamba inapata vivuli, na mlima unaonekana una kina. Kati ya saa 12 na nusu na saa 2 ndio wakati wake. Baada ya hapo mawingu huanza kupanda kutoka msituni, na mara nyingi kufikia saa 4 mlima umefunikwa. Jioni kabla ya jua kuzama hufunguka tena siku nyingine, kwa dakika chache. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda haraka, na ule mwanga laini wa asubuhi ambao vitabu vya Ulaya vinausifu kwa kurasa nyingi hauchukui muda mrefu. Fika kabla yake.

Wingu nalo usilichukie. Miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka na ukungu ukakaa vihambani, watu wengi wanaziacha kamera nyumbani. Huo ndio wakati mzuri wa maua, majani, kuvu na vyura, kwa kuwa hakuna vivuli vikali na rangi zinatulia. Kuna jambo moja tu la kuangalia: chini ya migomba mwanga hupita kwenye majani na kuwa wa kijani, na kamera ikiachwa ijiamulie rangi inaweza kukupa kila kitu cha kijani kibichi, mpaka uso wa mtu. Weka rangi ya mwanga kwenye alama ya wingu, au rekebisha baadaye kwenye simu.

Mbega: mweusi na mweupe kwa pamoja

Mbega wa Kilimanjaro ni mtihani mgumu wa mwanga kwa sababu manyoya yake ni meusi tititi, na joho la mgongoni na mkia ni meupe kabisa. Kamera ikiona msitu wa giza na mnyama mweusi, inadhani picha nzima ni giza na kuongeza mwanga. Mkia unaungua, unabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa hatua moja, yaani -1, kisha tazama mkia kwenye skrini kwa kuukuza. Ukiona nyuzi za manyoya, umepata. Akiwa na mbingu nyeupe nyuma yake mambo hugeuka: kamera inapunguza mwanga na mbega anakuwa kivuli kitupu.

Dawa ya mbingu nyeupe iko kwenye ardhi yenyewe ya Old Moshi. Hapa ni migongo na makorongo. Badala ya kusimama chini ya mti ukipiga picha za matumbo, panda ukingo wa korongo mpaka vilele vya miti iliyoota kule bondeni viwe sawa na macho yako. Sasa mbega yuko mbele yako, nyuma yake ni msitu wa upande wa pili, na macho yake yanaonekana. Wapiga picha wa nchi tambarare hujenga minara ili wapate pembe hii.

Mbega anakula majani, na majani yanahitaji muda mrefu tumboni, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku amekaa tu. Asubuhi yenye baridi kundi hupanda juu kabisa kuota jua. Hapo utaona mambo mazuri: mikono isiyo na dole gumba, na kama una bahati, mtoto mchanga mweupe mwili mzima, akipokezana mikono ya majike mbalimbali. Kwa mbega aliyetulia kasi ya shata ya 1/250 inatosha ukiwa umeegemea kitu. Akiruka unahitaji 1/1000 au zaidi, na ndani ya msitu hiyo ina maana ya kupandisha ISO mpaka 1600 au 3200. Pandisha bila woga. Picha yenye chembechembe bado ni picha, iliyotikisika haisaidii kitu.

Anayekaa mjini na hana nauli ya kupanda mara kwa mara anaweza kuanza na Msitu wa Rau, ambako pia kuna mbega na kima. Ni hifadhi ya msitu, hivyo lipia na uingie kihalali.

Usiku na kinyonga

Mchana unaweza kumpita kinyonga mara kumi. Usiku ni rahisi. Analala kwenye ncha ya kijiti chembamba au jani la isale, ule mmea wa kuwekea mipaka, mkia umejikunja, na ngozi yake hupauka kiasi kwamba mwanga wa tochi ukimgusa anang'aa kati ya majani ya kijani. Amechagua ncha kwa sababu nyoka hawezi kumfikia bila kukitikisa kijiti. Kwa hiyo usiguse kijiti. Mwangaze kwa tochi ndogo kutoka pembeni, iliyofunikwa karatasi nyeupe, ili mabonge ya ngozi yapate vivuli. Shusha kamera mpaka iwe usawa wa jicho lake, fokasi iwe kwenye jicho, tundu la lenzi liwe f/8 au karibu na hapo. Dume wa kinyonga wa Kilimanjaro, Kinyongia tavetana, ana pembe mbili bapa puani. Pembeni ndiko pembe hizo zinakoonekana vizuri, maana ukimpiga kwa mbele zinaingiliana. Picha tatu nne zinatosha, kisha zima tochi.

Wapo watakaokuambia mchukue umweke juu ya ua zuri ili picha ipendeze. Usifanye hivyo kamwe. Kinyonga aliyeamshwa na kuhamishwa anabaki mahali asipopachagua, gizani, na picha yenyewe inadanganya kuhusu maisha yake.

Eneo hili lina historia yake katika picha za usiku. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyanda zilizo chini ya Kilimanjaro na Umasaini mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na kamera za vioo na unga wa magnesi wa kulipua mwanga, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilikuwa na baadhi ya picha za kwanza duniani za wanyama wa porini zilizopigwa usiku. Ustadi wake ulikuwa mkubwa. Njia yake hatuwezi kuifuata: ili apate simba, aliwafunga ng'ombe na punda hai kuwa chambo. Leo bado kuna wanaomwaga ndizi ili kima washuke karibu na kamera. Kima aliyezoeshwa hivyo kesho anaingia jikoni kwa mtu, na mwenye nyumba atamfukuza kwa mawe. Ukitaka kima karibu, rudi mahali pale pale siku baada ya siku ukiwa na nguo zile zile, mpaka wakuzoee.

Komba naye usimpige flashi usoni. Macho yake yametengenezwa kwa giza. Tochi hafifu yenye karatasi nyekundu inatosha kumwona.

Piga hodi

Kihamba kina mwenyewe, na mara nyingi kina makaburi ya familia. Kabla ya kutoa kamera kwenye begi, piga hodi, msalimie mkubwa aliyepo, "Shikamoo mzee", "Shikamoo bibi", ueleze unatafuta nini. Mgeni anayesimamisha stendi ya miguu mitatu kwenye mpaka wa shamba anafanana sana na mpima ardhi, na kwa wazee ambao ardhi ndiyo kila kitu chao, hofu hiyo ni ya haki. Waonyeshe picha ulizopiga. Mtoto usimpige picha bila ruhusa ya mzazi wake. Na isale, hata kama limeziba mbele ya lenzi yako, usilivunje. Linaweka mpaka, hupandwa makaburini, na kwa Wachaga ndilo linalobebwa kwenda kuomba msamaha.

Juu ya vijiji mambo hubadilika. Tangu mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro unasimamiwa na KINAPA, na huingii humo kwa kufuata mfongo au njia ya kuni. Ukitaka kumpata Impatiens kilimanjari, lile ua dogo jekundu lisiloota kwingine kokote duniani, ingia kwa kibali kupitia lango kama Marangu au Machame. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, pamoja na cha wizara ya ulinzi, na ndani ya hifadhi kuna masharti mengine zaidi. Mimi nakushauri uiache. Mlio wake huwavuruga ndege wenye viota, na vihamba ni nyumbani kwa watu.

Vifaa

Kama una simu tu, piga vitu vidogo: vyura, buibui, umande kwenye jani la gimbi, nyuki. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Futa kioo cha lenzi kabla ya kila picha, shikilia kidole kwenye skrini mpaka fokasi ijifunge, na uegemeze mkono kwenye shina. Simu nyingi hupiga picha kwa kubonyeza kitufe cha sauti cha waya wa masikioni, na hiyo inaondoa mtikisiko wa kidole.

Anayenunua kamera, ya mtumba inatosha, yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Kabla ya kulipa, fungua lenzi, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotawanyika kwenye kioo, huo ni ukungu ulioota ndani, na kuusafisha kunaweza kugharimu karibu na bei ya lenzi. Na huku kwenye baridi na unyevu utaota hata kwenye lenzi nzima usipoitunza. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na itoe nje mara kwa mara ipate mwanga. Ukitoka kwenye ukungu kwenda jikoni penye moto, iache ndani ya begi nusu saa kwanza, la sivyo kioo kitalowa papo hapo.

Kuhusu mwili wako: vaa viatu vyenye meno, kingo za mifongo zinateleza. Kabla ya kukaa chini, kagua siafu. Wanapita kimya, na ukiwa umetulia kwa ajili ya ndege watapanda mpaka kiunoni kabla ya wa kwanza kuuma.

Andika, uhifadhi, urudi

Picha isiyo na tarehe wala mahali ina thamani ndogo kuliko inavyostahili. Jioni ile ile andika: kijiji, saa, mti gani, mnyama alikuwa anafanya nini. Ukiwa na maelezo hayo, picha ya simu ya ndege inaweza kuingia kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na ya kinyonga au ua ikawekwa kwenye tovuti ya iNaturalist ambako wataalamu husaidia kutaja jina. Kwa kinyonga na kwa kiota cha hondohondo, ficha mahali halisi. Kuna wanaokamata kinyonga kwa biashara, na ramani yenye alama inawapunguzia kazi.

Chagua pia sehemu moja unayoiona Kibo vizuri, uweke alama, upige picha kila mwezi kutoka hapo hapo, kwa lenzi ile ile. Wataalamu waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na picha za angani za mwaka 2000 walikuta takribani asilimia 80 ya eneo la barafu limekwisha, na kinachoendelea sasa juu yetu kinahitaji mashahidi wengi zaidi. Fanya hivyo hivyo kwa kihamba: mringaringa ukikatwa, migrevilea ikiongezeka, mfongo ukikauka, uwe na picha ya kabla na ya baada.

Hifadhi nakala mbili sehemu mbili, moja ikiwa nje ya simu yako. Ya tatu ichapishe studio mjini uipeleke kwa mwenye kihamba, na nyuma yake uandike tarehe, jina la mti, na jina la ndege kama yeye mwenyewe anavyomwita.